Je, wajua kwa nini karatasi ya alumini huifikisha Wi-Fi chumba cha uani?

Katika nyumba nyingi za Mwanza ruta, kifaa kinachorusha Wi-Fi, hukaa sebuleni, na chumba cha uani, hasa kikiwa kimeegemea jabali, hupata mtandao wa kusuasua. Kadibodi iliyopindwa na kufunikwa karatasi ya alumini, ileile ya kuokea sato, inaweza kusaidia ikisimamishwa nyuma ya antena.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba alumini huongeza nguvu ya ruta, hivyo nikaizungushia antena pande zote, na mtandao ukakatika. Kosa langu lilikuwa katika neno "huongeza". Wavuvi wa dagaa wanaotumia karabai usiku ziwani wangenielewesha mapema: ukisimamisha kipande cha bati nyuma ya karabai, maji ya mbele hung'aa zaidi na ya nyuma huingia gizani, ilhali mafuta yanayoungua ni yaleyale; lakini ukiizungushia bati pande zote, mwanga hubaki ndani. Antena nayo ni taa, ila mwanga wake hauonekani kwa macho. Alumini haiipi nguvu mpya, bali huchukua mawimbi yaliyokuwa yakielekea ukuta wa nyuma na kuyageuza yaelekee chumbani. Mawimbi ambayo simu yako huyarudisha kwa ruta nayo hukusanywa vivyo hivyo, kama mtu anayekinga kiganja nyuma ya sikio ili asikie vizuri.

La kustaajabisha ni kwamba karatasi nyembamba hivyo inatosha. Mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 (kipimo cha kasi ya mtetemo wa wimbi) hudhoofika ndani ya alumini kabla ya kupenya hata sehemu 2 za milimita iliyogawanywa mara 1,000, na kwa kuwa urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 12.5, mikunjo midogo ya karatasi haidhuru.

Umbo ndilo lenye uzito. Antena ikisimama sentimita 3 mbele ya katikati ya kadibodi, takriban robo ya wimbi, basi kadibodi ijipinde mbele sentimita 3 inapofika sentimita 6 kutoka katikati, na karibu sentimita 7 inapofika 9. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walitumia kompyuta kubuni umbo linalofaa chumba mahususi, wakaliunda kwa plastiki na kulifunika kwa metali nyembamba.

Ruta yenye antena zilizofichwa ndani haitabiriki hivyo, na mawimbi ya gigahezi 5 yanahitaji vipimo vingine. Geuza kadibodi kidogo kidogo, kisha pima kasi ukiwa umesimama palepale chumbani kila mara.