Hela ya motisha kwa walimu wa msingi: tunayoyasema vijiweni na yalivyo kweli

Nafundisha darasa la kwanza hapa Moshi, mwaka wa kumi na moja huu, na kila tukikaa msibani au harusini mada ya motisha ikiguswa tu lazima mzee mmoja aseme ualimu ni wito, hela haimbadilishi mwalimu. Sio kweli jamani. Hapa hapa Tanzania ilishajaribiwa, mpango uliitwa KiuFunza, shule 350 kwenye wilaya 10, mwaka 2013 na 2014. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya 10,000 kwa kila mtoto kwa mwaka, lingine walimu wa darasa la kwanza mpaka la tatu waliahidiwa 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo, na la tatu likapata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikusogeza chochote kwenye matokeo, bonasi peke yake haikuleta matokeo ya uhakika, ila zilipokutana pamoja watoto wakapanda waziwazi. Mi naona inaeleweka kabisa, maana mwalimu mwenye ari bila vitabu atafanyaje, na vitabu vikifungiwa kabatini navyo vitamsaidia nani?

Wengine wanasema ukilipa kwa matokeo watoto watakaririshwa mtihani tu. Hapa kuna ukweli, tusibishe. Kenya, kule Busia na Teso, walimu walipoahidiwa zawadi maksi zilipanda, lakini mahudhurio yao hayakubadilika, walichoongeza ni vipindi vya kujiandaa na mtihani na zile maksi hazikudumu. Ila Andhra Pradesh huko India watoto walipanda hata kwenye masomo ambayo hayakuwa na bonasi, kwa hiyo inategemea unapima nini na unalipa vipi.

Hili la kumtafuta "mwalimu bora" ndilo linaloniuma. Kwenye shule moja niliyopita kila mwaka chupa ya chai na cheti vilienda kwa mwalimu wa darasa la saba, tunapiga makofi, na pembeni kakaa dada mmoja mwenye watoto tisini aliowashika vidole wakaandika ba be bi bo bu, hao hao ndio walikuja kufaulu la saba, na hakuna aliyemtaja. KiuFunza ya 2015 na 2016 ililinganisha bonasi za mashindano na malipo ya kawaida kwa kila stadi mtoto aliyoimudu, na hayo ya kawaida hayakuzidiwa na mashindano.

Halafu eti bonasi itambakiza mwalimu kijijini. Hapana, kumpa mtu ari ni kitu kimoja na kumfanya akae ni kingine. Rwanda walijaribu mkataba wa malipo kwa matokeo, walimu hawakukimbia, sawa, lakini mdogo wangu yuko Longido na barua zake tatu za uhamisho hakuna hata moja iliyotaja mshahara, zote zilitaja maji na nyumba, maana alikuwa analala chumba kimoja na mwalimu mwenzake na ndoo ya maji anaifuata asubuhi kabla kipindi hakijaanza. Mwaka huu wazazi wamemkarabatia chumba nyuma ya ofisi, wakaweka na tangi la lita 1,000. Barua ya nne hajaiandika.