Miezi sita haitoshi kuwa kipimo cha kuhamia pikipiki kubwa

Wanaoanza pikipiki huambiwa: endesha Boxer ya cc 150 miezi sita, kisha hamia cc 600. Sikubaliani kabisa. Kalenda haijui mkono wako wa kulia umejifunza nini.

Boxer 150 ina nguvu za farasi takribani 12. Yamaha R6, yenye cc 599, inazidi 110. Kosa la kuvuta mafuta ambalo Boxer inakusamehe, kwenye R6 linakutoa nje ya kona. Tena mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, umbali wa kusimama tangu ushike breki huwa mara nne, wala si mbili.

Jipime hivi. Mbuzi akikatiza ghafla, unaibana breki ya mbele hatua kwa hatua bila tairi kukwama? Unageuza kwenye barabara nyembamba bila kushusha mguu? Kwenye kona, macho yako yapo inakoishia au kwenye shimo?

Ukishayaweza, ngazi inayofuata ni 250 au 400. Ulaya, leseni ya A2, ile ya pikipiki za nguvu ya kati, inaishia kilowati 35 (nguvu za farasi takribani 47), na anayepanda kwa ngazi hiyo hukaa nayo angalau miaka 2 kabla ya kuhamia leseni ya pikipiki kubwa.