Chatsworth: jumba linaloishi kwa maji ya mlimani

Wageni wengi wa Chatsworth, jumba la ukoo wa Cavendish huko Derbyshire nchini Uingereza, hulitazama kwanza kutoka ng'ambo ya mto Derwent. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni usanifu wa mandhari, huanzia mlimani nyuma yake, kwani huko ndiko yanakotoka maji, na bila maji hayo bustani ile haielezeki.

Bess wa Hardwick na mumewe, Sir William Cavendish, waliinunua ardhi hiyo mwaka 1549, lakini sura ya jumba tunayoiona leo ni ya baadaye. Duke wa kwanza wa Devonshire, wa ukoo huohuo wa Cavendish, alianza na upande wa kusini mnamo 1687, kwa michoro ya William Talman, akaendelea upande baada ya upande hadi jumba la awali likamezwa na jipya. Katika miaka hiyohiyo Mfaransa Grillet alimjengea ngazi ndefu za mawe za kuteremshia maji. Vidato vyake havilingani, kwa hiyo mlio wa maji hubadilika kadiri yanavyoshuka. Kwangu huo ni ustadi mkubwa kuliko dhahabu yote iliyopakwa kwenye fremu za madirisha.

Katika miaka ya 1760 Lancelot Brown, msanifu wa mandhari, alifuta sehemu kubwa ya bustani za mistari iliyonyooka, akaweka nyasi na miti iliyopandwa ionekane kana kwamba imejiotea. Ngazi za maji zilinusurika.

Aliyeuelewa mlima huo kuliko wote ni Joseph Paxton, aliyeajiriwa mwaka 1826 kuwa mkuu wa watunza bustani. Ilipotarajiwa ziara ya Tsar Nicholas I wa Urusi mwaka 1844, alichimbisha ziwa juu ya mlima na kulaza bomba la chuma hadi kwenye bwawa refu lililo kusini mwa jumba. Hakuna pampu: ziwa liko zaidi ya mita 100 juu ya bwawa, na uzito wa maji yenyewe ndio unaoyarusha juu kama chemchemi. Yamewahi kufika takriban mita 90. Kimo kinachobaki humezwa na msuguano ndani ya bomba na ukinzani wa hewa. Tsar hakufika. Bomba, hata hivyo, halikukaa bure, kwani kuanzia 1893 maji ya mlima huo yalizungusha pia mitambo iliyolipatia jumba umeme.