Msiandike "Hakuna" penye mchango wa kikundi

Mwezi huu vikundi vitatu vya kupanda mikoko hapa Lamu vimeniletea fomu za kuomba ufadhili nizipitie. Vyote, penye mchango wa kikundi, vimeandika: "Hakuna." Nikauliza, na wale kina mama walioingia topeni tangu maji yalipoanza kupwa? Nikajibiwa, "Ah, wale wanajitolea tu."

Hilo "tu" limenichosha. Kujitolea ni kazi. Mwaka 2013 watakwimu wa kazi kutoka nchi mbalimbali walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani, wakaitambua rasmi kuwa aina ya kazi. Mwongozo wa kuipima kazi hiyo, shirika hilo lilishautoa mwaka 2011. Hesabu yenyewe nyepesi: jumlisha saa, kisha jiulize ungemlipa nini mtu wa kuifanya kazi ile ile. Kina mama 20 wakipanda kwa saa 3, hizo ni saa 60, sawa na vibarua saba na nusu wa kutwa ya saa 8. Zidisha kwa ujira wa kwenu, uandike.

Na si kila mtu ahesabiwe kibarua. Yule mzee anayeutazama ufuo akasema hapa mlilana, mkandaa pelekeni kule juu (zote ni aina za mikoko), usimwekee ujira wa mbeba miche. Mkandaa ukipandwa tope la mbele, bahari inauua, na jasho la watu 20 linakwenda na maji. Mhesabie kama mtaalamu, maana ndivyo alivyo. Nunueni daftari leo: jina, kazi, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Nalisema hili kila mkutano na nitazidi kulisema.

Kuna na maneno mengine ninayoyasikia. "Anayejitolea ni asiye na kazi." Uongo. Kwenye vikundi hivyo hivyo wamo walimu, manahodha na washona kofia.

"Ukimpa nauli, hajitolei tena." Nauli ya mashua si mshahara. Anayetoka Matondoni asitoe mfukoni ili akufanyie kazi.

"Anayejitolea hasimamiwi." Asimamiwe! Mfunze, mpe kazi inayoeleweka, akikosea mwambie kwa heshima. Wengi niliowaona wakiacha hawakuacha kwa kukosa pesa. Walifika alfajiri, maji yamekupwa vizuri, wakakuta hapana miche wala mtu wa kuwapokea.