Mwimbaji wa Opera Hapigi Kelele, na Mengine Tunayomkosea

Mpwa wangu anasomea Nairobi uimbaji wa opera, yaani tamthilia inayoimbwa badala ya kusemwa. Akija Lamu likizo hufanya mazoezi asubuhi juu ya paa, sauti ikashuka mpaka vichochoroni, na jioni barazani mimi ndiye ninayeulizwa. Mengi si maswali hasa, ni hukumu iliyokwisha kutolewa. Nimeona niyajibu kwa maandishi, maana kazi hii naiheshimu na inaniuma kuisikia ikidharauliwa na watu wanaojua sauti nzuri ni nini.

“Anapiga kelele tu.”

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo lililo mbali zaidi na kweli. Ukumbi wa Metropolitan Opera wa New York una viti vipatavyo 3,800. Mwimbaji husimama pale bila kipaza sauti, mbele yake okestra nzima, kundi kubwa la wapiga ala, inapiga, na mtu aliyekaa kiti cha mwisho humsikia. Angekuwa anapiga kelele, koo lingemwisha kabla ya usiku kwisha.

Siri yake imechunguzwa. Johan Sundberg, mtaalamu wa Sweden, aliieleza vizuri katika miaka ya 1970. Okestra ina nguvu nyingi karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na kadiri sauti inavyopanda juu ya hapo nguvu hiyo hupungua. Mwimbaji aliyefundishwa, hasa mwanamume, hujifunza kulitengeneza koo lake, pale juu kidogo ya nyuzi za sauti, hata nguvu ya sauti yake ikusanyike karibu na mitetemo 3,000. Huko okestra ni dhaifu, na huko ndiko sikio la binadamu linakosikia vyema. Kwa hiyo hashindani na ala kwa nguvu. Anapita mahali ambapo hazipo. Wanawake wanapoimba sauti za juu kabisa hutumia njia nyingine, ya kufungua kinywa na kukilinganisha na sauti yenyewe, lakini kusudi ni lile lile.

Watu wa pwani tulipaswa kulielewa hili kabla ya wengine. Nahodha mzoefu akiita kutoka jahazini upepo wa kaskazi unavuma, hakazi shingo. Hutoa sauti nyembamba yenye makali, ikafika ufukweni. Wazee waliokuwa wakiadhini kabla ya vipaza sauti walifikisha sauti mitaa kadhaa. Sisemi adhana ni wimbo, hasha. Nasema kifua na koo ni vile vile alivyoviumba Mungu, na matumizi yake yana elimu.

Elimu yenyewe huanzia kwenye pumzi. Mwimbaji huvuta hewa mpaka chini, kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kinashuka na mbavu zinapanuka, kisha huziacha mbavu wazi makusudi ili hewa itoke kidogo kidogo. Msomaji wa Qurani anayemaliza aya ndefu kwa pumzi moja anaijua kazi hiyo. Mpwa wangu alianza kwa kasida madrasani, na ustadhi wake alikuwa akimwambia kila siku asibane koo. Alipofika Nairobi, neno la kwanza la mwalimu wa opera lilikuwa hilo hilo.

“Hicho ni kipaji, mtu huzaliwa nacho.”

Kipaji kipo, siwezi kukikana. Lakini Luciano Pavarotti, mwimbaji wa opera aliyevuma duniani, mtoto wa mwoka mikate wa Modena, Italia, alifundisha shule ya msingi na kuuza bima huku akijifunza kuimba mwaka baada ya mwaka. Alipopata nafasi yake ya kwanza kubwa mwaka 1961, ya kuigiza Rodolfo katika opera ya *La bohème*, alikuwa na miaka 25. Na hapo alikuwa kijana bado, kwa sababu sauti ya opera hukomaa polepole. Nafasi nzito, kama zile za opera za Wagner, mtunzi Mjerumani, kwa kawaida hupewa watu waliovuka miaka 30. Anayezivamia mapema huweza kuiharibu sauti kabla haijaiva. Basi wanaoniuliza mbona binti hajawa maarufu, na ana miaka 22, jibu langu ni kwamba hajachelewa hata kidogo.

Kuna pia kuhifadhi. Mwimbaji hukariri saa mbili au tatu za maneno ya Kiitaliano, Kijerumani au Kifaransa, kila neno na maana yake, kila irabu na mahali pake. Hilo halikumtisha mtoto aliyeanza kuhifadhi juzuu akiwa mdogo.

“Sharti awe mnene.”

Si kweli. Maria Callas, mwimbaji mashuhuri wa opera, alipungua zaidi ya kilo 30 mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 akaimba opera ya *La traviata* pale La Scala, jumba la opera la Milan, Italia, maonyesho ambayo watu wanayazungumza mpaka leo. Kinachotakiwa ni misuli ya mbavu, tumbo na mgongo.

“Ni mambo ya wazungu, yetu ni tarabu.”

Opera ilizaliwa Italia kuelekea mwaka 1600, hilo halina ubishi. Lakini jumba la opera la Cairo lilifunguliwa mwaka 1869, na *Aida*, opera ya Mwitaliano Verdi, ilionyeshwa huko kwanza, tarehe 24 Desemba 1871, kabla Milan haijaiona. Ni Cairo hiyo hiyo ambayo nyimbo zake zilisikilizwa katika nyumba zetu mpaka zikawa kama zetu. Marian Anderson, Mmarekani mweusi, aliimba Metropolitan mwaka 1955. Leontyne Price alifuata mwaka 1961, akapigiwa makofi dakika zipatazo 40. Pretty Yende wa Afrika Kusini aliisikia opera mara ya kwanza katika tangazo la biashara kwenye televisheni, akiwa msichana wa miaka 16, akauliza ni kitu gani kile. Leo anaimba katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani.

Na tarabu je? Udi na kanuni, zile ala za nyuzi, vilivuka bahari kuja kwetu. Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, aliupiga udi mpaka hakuna anayeuita ala ya kigeni. Kitu huwa chako ukikitumikia.

“Atatajirika.”

Wachache hutajirika. Wengi hulipwa kwa kila onyesho, na usiku ambao mafua yamemzuia kuimba, mara nyingi hakuna malipo. Wengine hufundisha ili kodi ya nyumba ilipwe.

“Mpeni asali na tangawizi, sauti itafunguka.”

Majirani zetu huleta asali kwa mapenzi, na tunaipokea kwa shukrani. Inatuliza koo. Haizigusi nyuzi za sauti, kwa kuwa kinachomezwa hupita kwenye umio, na njia ya hewa hufungwa wakati huo. Kingezigusa, mtu angepaliwa. Maji husaidia, lakini kwa kupitia mwili mzima, kwa hiyo anayeyanywa dakika moja kabla ya kuimba amechelewa. Soprano, yaani mwanamke mwenye sauti ya juu kabisa, akifikia noti iitwayo do ya juu, nyuzi hizo hugongana zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde moja. Zinahitaji usingizi, na zinahitaji kunyamaza.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lililonisukuma kuandika. Wakati wa kuvuka kuja Lamu kutoka Mokowe, gati la bara, injini ya boti hunguruma na abiria wote huongea kwa kupaza sauti juu yake. Kuishindania injini ni mojawapo ya mambo yanayochosha sauti upesi, kwa hiyo mpwa wangu hujifunga mtandio, akasalimia kwa mkono kifuani, na hasemi neno mpaka afike gatini. Mara ya mwisho mama mmoja wa mtaani kwetu alikwenda kusema kwamba binti ameanza kuringa tangu aende Nairobi. Hakuringa, mama. Alikuwa kazini, na alipoteremka tu alikuja mpaka kwako kukuamkia.