Simba Mweupe Yumo Ndani ya Simba wa Kawaida

Kila ninapofundisha kuhusu simba, mkono wa kwanza kunyooshwa huja na swali lilelile: "Mwalimu, simba weupe wamebaki wangapi porini?" Ni wachache mno, na kuna miaka haonekani hata mmoja. Lakini swali lenyewe linatupoteza njia.

Hapo hutoa mfukoni punje za mahindi. Kila punje ni nakala ya jeni ya rangi, ile chembe ya urithi. Simba baba nampa mbili, moja ya njano na moja nyeupe. Mama vivyo hivyo. Mtoto huokota moja kwa baba, moja kwa mama. Akipata ya njano hata moja tu, manyoya yake ni ya kawaida. Mpaka apate nyeupe pande zote ndipo azaliwe mweupe, yaani wastani wa mmoja kwa kila wanne. Wala huo si ualbino. Mwaka 2013 watafiti waliionyesha hitilafu iliyo ndani ya punje nyeupe, kwenye jeni ya tairosinasi, kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya mwili: rangi hupungua bila kuisha, ndiyo maana macho yake ni ya dhahabu au ya buluu.

Sasa twende Timbavati, hifadhi ya wanyama ya Afrika Kusini, ubavuni mwa Hifadhi ya Taifa ya Kruger. Mwaka 1975 mtafiti wa simba Chris McBride aliwakuta huko watoto wawili weupe, Temba na Tombi, katikati ya kundi la simba wa kawaida. Baadaye wakahamishiwa bustani ya wanyama ya Pretoria. Miaka ya 1990 weupe wakatoweka porini kabisa. Kisha, mwaka 2006, wakazaliwa tena. Walitoka wapi? Simba wa kawaida walikuwa wameibeba ile punje muda wote, kimya kimya.

Ndiyo maana mimi huhofia zaidi maisha ya dume wa kawaida. Mwindaji wa kitalii akimpiga risasi kwa sababu ya manyoya mazito ya shingoni, hasara haiishii kwake. Madume wageni huvamia kundi na kuua watoto aliowaacha, ili majike wapate joto upesi. Risasi moja, na punje za kizazi kizima zimemwagika. Ongeza mitego ya nyaya iliyotegewa swala, kifua kikuu ambacho simba hukipata kwa kula nyati wagonjwa, na sumu wanayotegewa upande wa Msumbiji kwa ajili ya kucha na meno.

Watu hudhani weupe wenyewe ndio unaowaua, kwamba mawindo huwaona mapema. Simba weupe waliorudishwa porini jirani na Timbavati walifuatiliwa, wakaonekana wanawinda sawa na wenzao. Simba huwinda sana usiku, bwana.

Simba weupe wanaofugwa ndani ya seng'enge ni mamia, na hapo huwa napandwa na hasira. Huzalishwa ndugu kwa ndugu ili weupe usipotee, watoto wakapigwa picha na watalii, wakikua wengine wauzwe wawindwe ndani ya uzio, na kibao langoni kimeandikwa "uhifadhi". Serikali ya Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2021 kwamba ufugaji huo utakomeshwa. Lakini kuufunga hakurudishi punje hata moja Timbavati: simba aliyelelewa kwa chupa humfungulii lango tu ukamwambia nenda.

Na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, unamjua simba, basi, rangi haimo. Kwa hiyo dume mwenye punje nyeupe akisimama mbele ya bunduki, hakuna karatasi inayomtofautisha na mwenzake.