Hamira haimkingi kondoo anayemwagiwa mahindi

Kila unapokaribia msimu wa kunenepesha kondoo kwa ajili ya Idd el-Hajj, wafugaji huniambia neno lile lile: "Daktari, nimemchanganyia hamira, sasa hata akila nafaka nyingi haimdhuru." Si kweli. Dhana hii inaua kondoo wenye afya, tena wale wenye nguvu, maana ndio wanaowahi horini.

Kondoo aliyezoea nyasi ana bakteria wa kumeng'enya nyasi. Mpe ghafla mahindi yaliyoparazwa, wanga unachachuka upesi, na bakteria wa Streptococcus bovis wanaongezeka na kuijaza rumeni, yaani tumbo kubwa la kwanza la mnyama anayecheua, asidi ya laktiki. pH, yaani kipimo cha uchachu kinachoshuka asidi inapozidi, ambayo kwa kawaida ni kati ya 6 na 7, inashuka chini ya 5.5. Ikikaribia 5, bakteria wa nyasi wanakufa. Mnyama anaacha kucheua, anaharisha kinyesi kinachonuka uchachu, kisha analala asiinuke.

Hamira hai, yaani Saccharomyces cerevisiae, hutumia oksijeni kidogo inayoingia na chakula na kuwachangamsha bakteria wanaokula asidi hiyo, kama Megasphaera elsdenii. Ni msaada wa kweli, lakini mdogo. Bakteria hao huhitaji siku kadhaa kuongezeka, ilhali asidi hujaa kwa saa chache. Hata majaribio ya kondoo hayakubaliani: baadhi yameona nyuzinyuzi za majani zikimeng'enywa vizuri zaidi, mengine hayakuona tofauti yoyote. Kinga ni kuongeza nafaka kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu, na kumshibisha majani makavu kwanza kabla ya kumpa nafaka. Fanyeni hivyo hata kama mmenunua hamira ya bei kali kuliko zote dukani.

Wengine wanaamini kuwa ukimlisha mara moja, hamira itazaana humo tumboni. Rumeni ina joto la nyuzi 39 hivi, ambalo hamira hailipendi, nayo inasukumwa nje pamoja na chakula. Mpe kila siku au usianze. Usiichanganye na uji wa moto, itakufa.

Machicha ya bia je? Ni protini nzuri, nayapendekeza sana, ila hayachukui nafasi ya hamira hai.

Minyoo haitibiwi kwa hamira. Funua kope: zikiwa nyeupe kwa ndani, damu imekwisha, tafuta dawa ya minyoo leo.

La mwisho, linaloniudhi karibu sawa na lile la kwanza: kununua mchanganyiko wa madini na hamira uliotengenezwa kwa ng'ombe, eti mifugo ni mifugo. Huo huwa na shaba nyingi. Kondoo hatoi shaba mwilini kwa wepesi kama ng'ombe. Hujilimbikiza kwenye ini kwa wiki au miezi bila dalili, kisha ghafla macho yanageuka manjano na mkojo unakuwa mwekundu mweusi. Ikifika hapo, wengi hawaponi. Someni lebo kabla ya kulipa.